Dhima ya Mwenye Sakafu: Somo juu ya Ukingo wa Nyumba za Ghorofa



Somo letu la leo si la tohara wala si la mirathi, na huenda ukastaajabu kulikuta katika ukurasa huu. Ni somo la ukingo: ule ukuta mfupi, au vile vyuma, vinavyozungushwa kandokando ya sakafu ya juu ya nyumba ili anayekaa huko asianguke. Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya fundi, na sheikh ana nini nayo? Twawaomba wasubiri mpaka mwisho wa somo, kisha wahukumu.

Sababu yake ni hii. Mwaka uliopita palikuwa na arusi katika mtaa wetu. Wanawake waliketi juu ya sakafu ya nyumba, kwa kuwa ndiko kwenye nafasi na upepo. Ukingo wa sakafu ile ulikuwa bomba moja la chuma lililopitishwa juu ya vijiti vinne, likamfika mtu mzima kifuani. Chini ya bomba palikuwa wazi. Mtoto wa miaka mitatu alipita chini yake bila ya kuinama. Tulimzika kabla ya magharibi. Mimi ndiye niliyesimama kuwaliwaza wafiwa, nikasema maneno tuliyoyazoea: ajali haina kinga, siku yake ilifika, ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini babu wa mtoto alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, na lile bomba nalo ni kadari?" Sikuwa na jawabu. Somo hili ndilo jawabu langu, nalo limechelewa.

YALIYOMO KATIKA VITABU VYETU

Imam Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ali bin Shayban hadithi ya Mtume (s.a.w.) juu ya jambo hili hili. Maana yake ni kwamba mwenye kulala usiku juu ya nyumba isiyo na kizuizi, dhima imemwondokea. Yaani yeye mwenyewe ameitoka ile hifadhi aliyokuwa nayo, na likimpata la kumpata asimlaumu mtu. Tazama, ndugu yangu: ukingo wa sakafu umetajwa na Mtume mwenyewe karne kumi na nne zilizopita, nasi tunaufanya ni pambo la nyumba, tukipata fedha twaweka, tukikosa twaacha.

Hadithi hiyo yamhusu mtu mzima aliyechagua kulala pale. Je, asiyechagua? Hapa twarejea kwa Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Minhaj at-Talibin ambacho wanafunzi wa madhehebu yetu ya Kishafi huku pwani hukisoma. Katika mlango wa yanayowajibisha dia amelitaja suala la mtoto asiyepambanua aliye ukingoni mwa paa. Mtu akampigia ukelele, mtoto akashtuka, akaanguka, akafa. Hukumu ni kwamba dia nzito huwalazimu jamaa za yule aliyepiga ukelele. Lakini ukelele ule ule akipigiwa mtu mzima mwenye akili, akaanguka, hapana dia. Mahali ni pamoja na kitendo ni kimoja, bali hukumu ni mbalimbali, kwa kuwa mtoto hana akili ya kujilinda, na asiyeweza kujilinda dhima yake huhamia kwa mwenziwe.

Katika mlango huo huo limo suala la mtu aliyechimba kisima katika ukumbi wa nyumba yake, kisha akamwita mgeni asiyejua habari yake, mgeni akatumbukia. Kauli yenye nguvu ni kwamba mwenye nyumba atadhamini. Wala hakusalimika kwa kusema, "Nyumba ni yangu na kisima ni changu." Ni yake, naam, lakini amewaita watu.

Masuala haya tumeyasoma tukiwa wadogo, tukayahifadhi, tukayasomesha. Kisha tukatoka darasani, tukapanda arusini juu ya sakafu isiyo na kizuizi, tukala biriani.

Wala si sisi peke yetu tulioamrishwa. Katika Taurati yamo maagizo kwamba ajengaye nyumba mpya aifanyie ukuta kandokando ya dari, isije nyumba yake ikabeba damu ya atakayeanguka. Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi na tabibu aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliifasili amri hiyo kwa mambo mawili: kimo cha ukuta kisipungue viganja kumi, na uwe na nguvu za kumzuia mtu atakayeuegemea. Yashike mambo mawili hayo, kimo na nguvu, kwa maana tutayakuta tena mbele.

TUWAULIZE WENYE KUJUA

Fikihi imetwambia kwamba dhima ipo. Haikutwambia bomba liwe juu kiasi gani, wala mwanya uwe mpana kiasi gani. Hayo ni ya watu wa kazi, na Qur'ani imetuamrisha tuwaulize wenye kujua katika tusiyoyajua. Kijana wetu mmoja anayefanya kazi ya ujenzi Marekani alikuja kuwatazama wazazi wake baada ya msiba ule. Alipanda juu ya ile sakafu na kipimo chake, akapima, akatikisa kichwa. Kisha akaja kutusomesha sisi wazee kwa siku mbili, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Marekani wana kitabu kinachoitwa International Building Code, ambacho hapa tutakiita Kitabu cha Ujenzi. Hutolewa na baraza lililoundwa mwaka 1994, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000. Kila baada ya miaka mitatu hurekebishwa. Kitabu chenyewe si sharia mpaka jimbo au mji ukikubali, na majimbo mengi wamekikubali, wengine kwa kuongeza na kupunguza. Nyumba za familia moja au mbili zina kitabu chao mbali.

Kwanza: ukingo hulazimu lini? Kila mahali watu wanapotembea ambapo ubavuni pako wazi, na kutoka hapo hadi chini kunapita inchi 30, yaani sentimita 76, ukingo ni lazima. Inchi 30 ni kimo cha meza tu. Sisi twadhani hatari huanza ghorofa ya tatu. Wao wameona kwamba mtu aweza kuvunjika shingo kutoka kimo cha meza.

Pili: kimo cha ukingo. Kitabu cha Ujenzi kinataka usipungue inchi 42, yaani sentimita 107, kutoka pale mtu anapokanyaga. Kwa vipimo vya wazee wetu ni dhiraa mbili na thuluthi. Katika nyumba za familia moja au mbili huruhusiwa inchi 36, yaani dhiraa mbili. Uingereza, kwa roshani na kingo za paa, hutaka milimita 1100, ambayo haiko mbali na ile ya Marekani. Hekima yake ni nyepesi kufahamika. Uzito wa mwili wa mtu aliyesimama umekusanyika karibu na kiuno chake. Kizuizi kikiwa chini ya hapo, mtu akijikwaa au akisukumwa, kile kizuizi hakimzuii, bali humpindua. Ukuta wa magotini, kama ule tunaoukuta juu ya nyumba nyingi, ni mtego kuliko kuwa kinga, kwa kuwa humpa mtu tumaini kisha ukampiga mtama.

Tatu: mwanya. Hapa ndipo palipomwua mtoto wetu. Kitabu cha Ujenzi kinaamuru kwamba mpira wenye upana wa inchi 4, yaani sentimita 10, usiweze kupita mahali popote kutoka chini mpaka inchi 36. Na kutoka hapo mpaka inchi 42 mwanya waweza kufika inchi 4 na thumuni tatu. Uingereza nao wameweka milimita 100. Inchi 4 ni upana wa kiganja pamoja na dole gumba. Zamani vitabu vya Marekani viliruhusu inchi 6, kisha ikaonekana kwamba mtoto mdogo hupenya, ndipo vikapunguza. Fahamu pia kwamba mwanya ambao mwili wa mtoto hupita na kichwa kikabaki ni hatari nyingine, kwani hunyongeka. Basi kipimo hiki hakikuwekwa kwa ajili yangu wala kwa ajili yako. Hakuna mtu mzima apitaye katika mwanya wa inchi 6. Kimewekwa kwa ajili ya yule asiyepambanua, ambaye Imam an-Nawawi alimtenga na mtu mzima katika hukumu yake. Nilipoyasikia haya nilinyamaza kitambo.

Nne: nguvu. Ukingo lazima uhimili msukumo wa ratili 200, yaani kama uzito wa kilo 91, mahali popote juu yake na kwa upande wowote. Penye mikusanyiko ya watu, kadhalika uhimili ratili 50 kwa kila futi moja ya urefu wake, yaani kiasi cha kilo 74 kwa kila mita. Sababu ni kwamba watu hawauegemei ukingo mmoja mmoja. Pakipita bwana arusi chini, wote hukimbilia upande mmoja kutazama, wa nyuma wakiwasukuma wa mbele. Vijiti vilivyotiwa katika saruji kwa kina cha vidole viwili havisimami mbele ya msukumo huo.

Tano: kupandika. Hapa wataalamu wamekhitalifiana kama wanavyokhitalifiana wanavyuoni. Vyuma vikipangwa kwa kulala, mtoto huvifanya ngazi. Waingereza wanashauri kwamba penye watoto wa chini ya miaka mitano ukingo usiwe wa kupandika kwa urahisi. Wamarekani waliliandika katazo kama hilo katika kitabu cha nyumba za familia toleo la mwaka 2000, kisha wakaliondoa. Penye khitilafu, mwenye kuchukua lililo salama zaidi hajuti. Vyuma visimame wima. Wala pasiwekwe benchi, ndoo, au kasha karibu na ukingo, kwani mtoto akisimama juu ya benchi ule ukingo wa dhiraa mbili humpungukia ukawa si kitu.

Sita: wanaopanda kwa kazi. Kitabu cha Ujenzi hakikuwasahau. Chombo kinachohitaji kutengenezwa kikiwekwa juu ya paa, kikawa karibu na ukingo kwa chini ya futi 10, lazima pawe na kizuizi hapo, hata kama hapana mtu akaaye huko. Sisi twapanga matangi ya maji pembeni kabisa mwa paa, kisha twampandisha kijana akayafungue usiku maji yakija. Yule kijana naye ana mama.

UKINGO HAUSIMAMI PEKE YAKE

Haya yote yatakuwa bure ikiwa sakafu yenyewe haikujengwa kwa ajili ya watu. Katika Kitabu cha Ujenzi paa bapa la kawaida hukadiriwa kubeba ratili 20 kwa kila futi ya mraba, yaani kilo 98 kwa kila mita ya mraba. Paa litakalokusanya watu hukadiriwa ratili 100, yaani kilo 488, ambayo ni mara tano. Basi mwenye paa la kawaida akiweka vyuma vizuri pembeni, akatandika zulia, akaalika watu mia, amewazungushia kinga wasianguke nje, akawaacha waanguke ndani.

Yako mazingatio katika yaliyotokea Berkeley, katika jimbo la California, tarehe 16 Juni 2015. Wanafunzi waliokuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa walisimama pamoja katika roshani ya ghorofa. Roshani ikang'oka, 6 wakafa na 7 wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa vijana wa Ireland. Ukingo ulikuwepo. Lakini miti iliyoshika roshani ilikuwa imeoza kwa maji yaliyoingia ndani kidogo kidogo bila ya kuonekana. Mwaka 2018 jimbo lile lilitunga sharia kwamba katika majumba ya kukaa yenye makao matatu au zaidi, roshani na vibaraza vya juu vinavyobebwa na miti vikaguliwe kila baada ya miaka sita.

Kwetu hatujengi roshani kwa miti laini kama wao. Lakini tunayo bahari. Hewa ya chumvi hula chuma, na nondo zilizo ndani ya zege zikipata kutu hutanuka na kulipasua zege. Ukiuona mstari wa rangi ya kutu chini ya vijiti vya ukingo wako, usiupake chokaa ukadhani umeutibu. Nenda ukaushike ule ukingo, uutikise.

NI KADARI?

Sasa tumjibu yule babu.

Naam, siku ya mtoto ilikuwa imeandikwa, na mwenye kukanusha kadari ameharibu imani yake. Lakini kadari si blanketi la kufunikia uzembe wetu. Imam at-Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas kwamba mtu alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, amfunge na kutegemea, au amwache na kutegemea, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Na Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh na kusikia habari ya tauni, aliamua kurejea na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jawabu lake lilikuwa kwamba waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Umar hakuwaingiza watu katika tauni ili athibitishe imani yake.

Basi kifo cha mtoto ni kadari, na vyuma ambavyo havikuwekwa ni kosa. Mawili haya hayapingani. La kwanza twalisalimu kwa Mwenyezi Mungu. La pili tutaulizwa sisi. Kosa la ulimi wangu siku ile halikuwa kuitaja kadari. Kosa lilikuwa kuitaja peke yake, hata mwenye nyumba akarudi kwake moyo umetulia, na bomba likabaki pale pale miezi mitatu.

LA KUFANYA

Kenya ilikuwa na kanuni za ujenzi za mwaka 1968, na zimefuatiwa na Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya mwaka 2024 iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2025. Ajengaye sasa amwendee mhandisi na afisi ya ujenzi ya kaunti yake, aulize kanuni yetu yasemaje, asitosheke na hesabu za Marekani tulizozitaja hapa kwa mafunzo. Lakini majumba mengi tunayokaa yalikwisha kujengwa. Mengi yamesimama na nondo zikichungulia juu kungojea ghorofa nyingine, mwenye nyumba husema, "Ukingo nitaweka nikimaliza." Miaka kumi yapita hajamaliza, na wapangaji wanaanika nguo pale kila siku, watoto wakiwafuata.

Kwa hivyo twamwomba kila mwenye sakafu apande leo akiwa na kipimo, ajiulize masuala matano. Je, ukingo umefika dhiraa mbili na thuluthi? Je, kiganja changu na dole gumba hupita katika mwanya? Je, nikiusukuma kwa nguvu zangu zote, wacheza? Je, pana kitu mtoto aweza kukipanda? Na je, sakafu hii ilijengwa ibebe watu, au ibebe mvua tu? Asipoweza kutengeneza, na aufunge mlango wa juu kwa kufuli mpaka aweze. Kufuli si ghali.

Wala tusiwahukumu wengine tukajisahau. Darasa letu lina chumba cha watoto juu, chenye kibaraza mbele yake. Tuliposomeshwa haya tulipanda kupima. Kimo kilikuwa inchi 34, na mwanya baina ya vyuma inchi 7. Watoto wamesoma pale miaka kumi na moja, na kila asubuhi tuliwafundisha adabu za kuingia msikitini. Tuliufunga mlango siku ile ile, tukachangishana, na katika wiki mbili fundi alichomelea vyuma vingine baina ya vile na kuongeza kimo. Hatukumpoteza mtoto hata mmoja katika miaka ile. Hiyo ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwetu, wala si hoja yetu mbele yake.

Lile bomba la nyumba ya arusi nalo limeondolewa. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe kuniuliza vipimo, nami nikamwandikia katika karatasi. Hakusema mengi, wala mimi sikusema.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mtoto yule, awape subira wazazi wake na babu yake, atughufirie tuliyoyanyamazia, na atuwafikishe kuzitimiza dhima zetu kabla hatujaulizwa. Amin.